Ripita za kidijitali kwa kipato cha fundi wa kawaida: zilitoka wapi?

[Muziki wa kufungulia kipindi, sekunde kumi na tano, kisha unapungua taratibu]

MTANGAZAJI: Wiki hii tunajibu swali la fundi mmoja wa simu. Amesikia kwamba wanaredio wa ridhaa wana mitambo ya kidijitali inayovusha sauti juu ya milima. Lakini kila anapouliza bei anatajiwa maelfu ya dola. Anauliza, je, klabu ndogo au fundi wa kawaida hana njia nyingine?

Jibu fupi ni kwamba njia ipo. Jibu refu ni historia, nayo ndiyo tutakayoisimulia leo.

Tuanze na maneno yenyewe. Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu waliopewa leseni na serikali yao, mara nyingi baada ya kufanya mtihani, pamoja na alama ya kujitambulisha hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q. Watu hawa hawalipwi, hawafanyi biashara hewani, na hawaruhusiwi kuyaficha maneno yao kwa msimbo. Vyombo vyao ni ndugu wa zile redio ambazo wazee wetu waliziita simu za upepo.

Kwa nini ripita inahitajika? Tuitazame Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikashuka hadi katikati ya mji. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakavuka mpaka na kuingia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huohuo ulipasuka tena, watu wakakimbia tena, wengine Gisenyi, wengine Sake. Siku kama zile kila mtu anauliza jambo moja: watu wangu wako wapi?

Mwenye redio ya mkononi ya wati 5 hawezi kumjibu mwenzake aliye nyuma ya kilima. Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kilima kikikaa katikati, sauti inaishia hapo. Ripita ni mtambo unaowekwa juu ya kilima hicho. Inasikiliza kwenye masafa fulani, na papo hapo inarudia maneno yaleyale kwa nguvu zaidi kwenye masafa mengine. Katika kanda yetu ya redio, yenye Afrika na Ulaya, utaratibu wa kawaida kwenye VHF ni pengo la kilohezi 600. Ripita inayosikiliza kwenye megahezi 145.000, kwa mfano, inatangaza kwenye 145.600. Walio pande zote mbili za kilima wanaiona ripita, na kwa njia hiyo wanasikilizana.

[Muziki mfupi]

Sasa turudi nyuma. Ripita za kwanza za wanaredio wa ridhaa hazikununuliwa dukani. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, polisi, zimamoto na makampuni ya teksi walikuwa wakibadilisha redio zao kwa sababu ya kanuni mpya za masafa, na redio za zamani zikauzwa kwa bei ya kutupa. Wanaredio wa ridhaa wakazinunua, wakazifungua, wakabadilisha fuwele za masafa, kisha wakaunganisha moja ya kupokea na moja ya kutuma. Kwa lugha yetu, ripita hizo zilikuwa za mitumba. Kufikia miaka ya 1970 zilikuwa zimeenea juu ya milima na majengo marefu katika nchi nyingi.

Ripita hizo zilikuwa za analojia. Sauti ya mtu ilipita kama ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake. Fundi aliyejua kushika chuma cha kulehemu aliweza kuzielewa tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hilo tulishike, kwa sababu lilitaka kupotea.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Shirikisho la Wanaredio wa Ridhaa la Japani, JARL, likisaidiwa na fedha za serikali ya nchi hiyo, lilitengeneza mfumo wa kidijitali kwa ajili ya watu wa ridhaa. Mfumo huo uliitwa D-STAR, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2001. Katika D-STAR sauti inageuzwa kuwa tarakimu. Zinapita biti 4,800 kila sekunde, na kati ya hizo 3,600 ni za sauti pamoja na kinga yake dhidi ya makosa. Zinazobaki hubeba maandishi, kwa mfano jina la kituo au mahali kilipo.

Biti 3,600 ni chache sana kwa sauti ya binadamu. Ili itoshee humo, sauti lazima ifupishwe kwa ustadi, na kazi hiyo hufanywa na kitu kinachoitwa kodeki. Hapo ndipo tatizo lilipoingia. Kodeki iliyochaguliwa iliitwa AMBE, nayo ilikuwa mali ya kampuni moja ya Marekani, ikilindwa kwa hataza. Mfumo wa D-STAR wenyewe ulikuwa wazi kwa kila mtu kuusoma, lakini moyo wa sauti yake ulifungiwa ndani ya chipu ambayo lazima uinunue. Kwa miaka ya mwanzo mtengenezaji mkubwa wa vyombo vya D-STAR alikuwa mmoja tu, Icom ya Japani, na klabu iliyotaka ripita kamili ilipaswa kuchangisha maelfu ya dola.

Kisha lugha zikaongezeka. Mwaka 2005 taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilitoa kiwango cha DMR. Hiki kililengwa kwa makampuni, walinzi na viwanda, si kwa watu wa ridhaa. Uzuri wake ni kwamba kinakata muda vipande viwili vinavyopokezana, hivyo mazungumzo mawili yanapita katika njia moja yenye upana wa kilohezi 12.5. Watu wa ridhaa walikichukua, hasa viwanda vya China vilipoanza kuuza redio za mkononi za DMR kwa bei ndogo. Mwaka 2013 Yaesu, kampuni nyingine ya Japani, ikaleta mfumo wake, System Fusion.

Matokeo yake unayajua, msikilizaji, ukiwahi kukaa kwenye kituo cha mabasi chenye watu wa lugha tatu na hakuna mkalimani. Mwenye D-STAR hamsikii mwenye DMR. Mwenye DMR hamsikii mwenye Fusion. Klabu iliyonunua ripita ya mfumo mmoja iliwafungia mlango wenye redio za mfumo mwingine.

[Muziki mfupi]

Mabadiliko yaliletwa na wazo dogo, ambalo ndilo kiini cha jibu letu kwa fundi wetu. Wazo lenyewe ni hili: ripita haihitaji kuielewa sauti.

Mfikirie mpeleka barua. Anasoma anwani juu ya bahasha, anainyoosha ilipokunjamana, anaifikisha. Barua iliyo ndani haimhusu. Ripita ya kidijitali iko vivyo hivyo. Inapokea biti, inasoma zinatoka kwa nani, inasahihisha zilizoharibika njiani, kisha inazituma tena. Kuzigeuza ziwe sauti ni kazi ya redio iliyo mkononi mwa msikilizaji. Kwa hiyo ile chipu ya kulipia inahitajika kwenye redio za mkononi, lakini juu ya kilima haina kazi.

Wazo hili lilifanyiwa kazi na watu kadhaa. Aliyefika mbali zaidi ni Mwingereza Jonathan Naylor, anayejulikana hewani kwa alama G4KLX. Mwanzoni aliandika programu zilizowezesha kompyuta ya kawaida, kwa kutumia kadi yake ya sauti, kuendesha ripita ya D-STAR. Katikati ya miaka ya 2010 akaja na MMDVM, yaani modemu moja inayojua lugha nyingi: D-STAR, DMR, Fusion, na nyingine kama P25 na NXDN. Programu yenyewe ni huria. Unaweza kuipakua, kuisoma na kuirekebisha. Ameiandika kwa ajili ya watu wa ridhaa na elimu.

Wakati huo vifaa vidogo vilikuwa vimeshuka bei. Tarehe 29 Februari 2012 kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza kwa dola 35. Mwaka huohuo bodi ya Arduino Due ilitoka. MMDVM ilianza kwa kuviunganisha viwili hivyo: Arduino inafanya kazi ya modemu, Raspberry Pi inafanya kazi ya akili.

Na redio? Tukarudi kwenye mitumba. Ripita nyingi za MMDVM zimejengwa kwa redio mbili za magari zilizostaafishwa na teksi, walinzi au makampuni ya umeme, kwa mfano za Motorola au Tait. Moja inasikiliza, nyingine inatuma. Sharti ni moja, na wengi wameteleza hapo: redio lazima iwe na tundu la data nyuma yake, linalotoa ishara ghafi kabla haijachujwa. Tundu la maikrofoni na la spika halifai, kwa sababu vichujio vya sauti ya binadamu vinaharibu tarakimu. Kabla ya kununua redio ya mtumba, uliza kwanza kama ina tundu hilo.

Mwaka 2020 MMDVM ikaongezewa uwezo wa kurudia sauti ya analojia pia. Kwetu hilo ni kubwa. Redio nyingi za mkononi zinazouzwa kwa dola 30 hivi ni za analojia. Ripita moja sasa inaweza kumhudumia mwenye redio hiyo na mwenye ya kidijitali, kwa zamu. Lakini tuelewane: inawahudumia wote bila kuwatafsiria. Wenye lugha moja wataendelea kusikilizana wao kwa wao.

[Muziki mfupi]

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa hiyo tutaje pia vitu ambavyo havikushuka bei, na vile vya bei ndogo vinavyodanganya.

Kitu kisichoshuka sana ni duplekisa. Ripita ya VHF inatuma, tuseme, wati 25, na wakati huohuo inajaribu kusikia redio ya mbali ambayo nguvu yake ikifika ni pungufu ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Ni kama mtu anayetaka kusikia mnong'ono huku yeye mwenyewe akipiga kelele. Duplekisa ni makopo ya chuma yanayochuja masafa ili kelele isiingie sikioni, na ya VHF ni makubwa na ghali. Njia ya nafuu ambayo vilabu vingi vimeifuata ni kuhamia UHF, kati ya megahezi 430 na 440. Huko pengo kati ya kupokea na kutuma linaweza kuwa megahezi kadhaa, hivyo duplekisa inakuwa ndogo na bei yake inashuka. Hasara yake ni kwamba UHF hudhoofika zaidi ikipita katikati ya miti.

Njia ya pili ni ya kasuku. Redio moja inasikia, inarekodi, mtu akinyamaza inarudia alichosema. Haihitaji duplekisa wala redio ya pili. Mazungumzo yanakwenda polepole, lakini kwa kijiji kinachotaka kupeleka taarifa moja baada ya nyingine, inatosha. Njia ya tatu imetokana na DMR. Kwa kuwa muda umekatwa vipande viwili, mtambo unaweza kusikia katika kipande cha kwanza na kutuma katika cha pili, kwenye masafa yaleyale. Wapo watengenezaji waliofanya hivyo, na hapo duplekisa haihitajiki kabisa.

Kinachodanganya ni kile kisanduku kidogo kinachouzwa mtandaoni kikitumia programu ileile ya MMDVM. Kinatosha kiganjani, bei yake ni ndogo, na wengi wanakiita ripita. Nguvu yake kwa kawaida ni takriban miliwati 10. Inatosha nyumba na uwanja wake, halafu sauti inaendelea kwa intaneti. Ni kifaa kizuri kwa mwenye intaneti, lakini hakiwezi kuvusha sauti juu ya kilima.

Na tusisahau umeme. Tupige hesabu. Redio ya wati 25 huvuta kama ampea 6 inapotuma. Ikituma jumla ya saa 6 kwa siku, hiyo ni ampea-saa 36. Ikisikiliza siku nzima pamoja na kompyuta yake kwa, tuseme, ampea 0.7, ongeza karibu 17. Jumla ni 53 kwa siku. Betri ya gari ya ampea-saa 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu, haimalizi hata siku moja bila jua. Ndiyo maana klabu yenye busara hununua betri na paneli kwanza, hufunga kinga ya radi, na hupunguza nguvu ya kutuma. Antena iliyopandishwa juu zaidi mara nyingi inasaidia kuliko wati zilizoongezwa.

[Muziki mfupi]

Lipo somo jingine, nalo lilipatikana kwa uchungu. Ripita nyingi za kidijitali leo zimeunganishwa kwa intaneti. Mtu wa Nairobi anaweza kuzungumza na mtu wa Tokyo kwa redio ya mkononi. Lakini tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico, na zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu ikanyamaza. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba wanaredio wa ridhaa 50, wakatumwa 22. Kazi yao mojawapo ilikuwa kupeleka majina ya walionusurika ili jamaa zao wajue wako hai.

Katika saa kama hizo ripita inayotegemea intaneti hubaki kisiwa. Ikiwa imejengwa vizuri, yenye betri yake na uwezo wa kufanya kazi peke yake, bado inawaunganisha wote wanaoiona. Ikiwa imejengwa kwa kutegemea mtandao hata kwa kuwashwa tu, inanyamaza pamoja na minara. Kabla ya maafa, fundi achomoe waya wa intaneti makusudi, aone ripita yake inafanya nini.

Hatua ya mwisho ya historia hii bado inaendelea. Tulisema chipu ya kulipia ilibaki kwenye redio za mkononi. Mwaustralia David Rowe alitengeneza kodeki huria inayoitwa Codec 2, ambayo haidai malipo kwa mtu yeyote. Mwaka 2019 wanaredio wa Polandi, wakiongozwa na Wojciech Kaczmarski, walianza mradi wa M17, mfumo wa kidijitali unaotumia kodeki hiyo. Hapo njia nzima, kuanzia mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji, inaweza kusomwa na kutengenezwa na fundi yeyote. Redio zake bado ni chache madukani, lakini mbuyu nao ulianza kama mchicha.

Mwisho, sheria. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva ulibadilisha kanuni za redio ya ridhaa na kuzihimiza serikali ziwawezeshe wanaredio hao kujiandaa kwa maafa. Mkataba wa Tampere wa mwaka 1998, ulioanza kutumika tarehe 8 Januari 2005, ulilenga kupunguza vikwazo vya kuingiza vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa katika nchi zilizojiunga nao. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa wewe ruhusa ya kuwasha ripita. Ruhusa hutolewa na mamlaka ya nchi yako: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda, ARCT Burundi, ARPTC Kongo. Ukivuka mpaka, leseni yako haivuki nawe mpaka uulize. Na mahali penye mapigano, mtu anayekutwa na redio isiyo na karatasi anaweza kudhaniwa kuwa ni mpiganaji. Ndugu msikilizaji, usihatarishe maisha yako wala ya jirani yako kwa ajili ya antena. Karatasi ije kwanza.

Basi, fundi wetu, jibu lako ni hili. Ripita ya nafuu ni ile ambayo, ikizimika usiku wa mvua, yupo mtu karibu anayeweza kupanda kilima na kuiwasha. Bei ya dukani huja baada ya hapo. Redio za mitumba, kompyuta ya dola 35 na programu huria zimekuwa na maana kwa sababu zimeurudisha ufunguo mikononi mwa fundi, kama ilivyokuwa zama zile za redio za teksi. Anza na wenzako watatu au wanne wenye nia. Ombeni leseni, someni, jengeni ya kasuku kwanza, kisha mpande.

[Muziki wa kufungia unaanza chini ya sauti]

Tumefika mwisho wa kipindi cha leo. Ukiwa na swali, liandike ulilete kwa wasaidizi wetu walio karibu nawe. Nakutakia amani, wewe na wote walio nyumbani mwako. Kwaheri.

[Muziki unapanda, kisha unakwisha]